Kabla ya Kuchagua Ufukwe Unguja, Uliza Maji Yanajaa Saa Ngapi

Mgeni anayefika Paje saa nne asubuhi, siku ambayo mwezi ni mpevu, huikuta bahari haipo. Kwenye simu ameonyeshwa picha ya maji ya samawati yanayogusa ngazi za hoteli. Mbele yake sasa kuna uwanja wa mchanga mbichi, vidimbwi, majani ya bahari yaliyolala, na watu wanaoonekana wadogo huko mbali wakitembea pale alipotarajia kuogelea. Hajadanganywa. Akisubiri mpaka saa kumi jioni ataiona picha yake, maji yakipiga ukuta wa hoteli. Tatizo ni kwamba alilipia chumba kwanza, habari za maji akaja kuziuliza baadaye.

Makala haya yanamhusu mtu anayetaka kwenda ufukweni Unguja kwa siku moja au kwa wiki: Mtanzania wa bara anayevuka na familia wakati wa likizo, Mkenya au Mganda aliyekata tiketi ya ndege, hata mkazi wa mjini Zanzibar ambaye kila mwaka huishia ufukwe uleule. Nitasema zaidi kuhusu maji na huduma kuliko kuhusu uzuri, kwa sababu uzuri utauona mwenyewe.

Saa za maji

Katika mwambao wa Unguja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka chini ya mita 2, na bahari haiendi mbali.

Wavuvi hawahitaji jedwali, wanahesabu kwa mwezi wa Kiislamu. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukifika mwezi nane, au mwezi ishirini na mbili, hesabu imegeuka: maji yamejaa saa nne, yamepwa saa kumi. Kwa hesabu hii tu, mtu aliyekaa Kampala au Mwanza na kalenda yake anaweza kujua wiki gani ya likizo atapata maji ya kuogelea asubuhi na wiki gani atayapata jioni. Dakika zinapishana kidogo kutoka sehemu hadi sehemu, kwa hiyo ukishafika muulize mtu.

"Shikamoo mzee. Leo maji yanajaa saa ngapi?"

"Marahaba. Leo mwezi ngapi?"

"Nadhani kumi na saba."

"Basi saa kumi na moja na nusu hivi. Ukitaka kuogelea njoo baada ya alasiri. Ukitaka kwenda mwambani ushachelewa, maji yanarudi."

Mazungumzo ya namna hiyo, na mtu anayeshona wavu au kukwangua mashua yake, yana faida kuliko nusu ya maoni utakayosoma mtandaoni kuhusu ufukwe huo. Hoteli nyingi za mashariki nazo huandika saa za maji ubaoni, karibu na mapokezi. Ubao huo usomwe kabla ya orodha ya vyakula.

Kaskazini au mashariki?

Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 85, na pande zake hazifanani. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, kule ncha ya kaskazini, mchanga huteremka upesi kuingia maji ya kina. Maji yakipwa, ufukwe hupanuka na bahari inabaki pale pale. Unaogelea saa yoyote. Ndiyo maana mahoteli yamebanana huko, na ndiyo maana ukitaka utulivu si mahali pa kwanza pa kufikiria, hasa Kendwa siku za mwezi mpevu ambapo kuna muziki mpaka usiku wa manane. Nungwi yenyewe bado ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa vyombo. Pembeni mwa hoteli utakuta jahazi likiundwa mchangani, mbao zimepindwa, fundi anatoboa kwa keke ya mkono, na watoto wamekaa kivulini mwa tumbo lake. Kuna pia dimbwi la asili la Mnarani ambamo kasa hutunzwa. Kiingilio hulipwa mlangoni.

Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe, kupita Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa na Chwaka, kisha Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, hali ni nyingine. Mwamba wa matumbawe umejipanga sambamba na ufukwe, sehemu nyingine kilomita moja na zaidi kutoka nchi kavu. Mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjikia huko nje, mstari mweupe unaouona na kuusikia mchana kutwa. Ndani ya mwamba maji ni ya kina kifupi na tulivu, na yakipwa siku za bamvu hubaki machache sana.

Wengi husema kaskazini ni bora kwa sababu unaogelea muda wote. Kwa mtu mzima anayejua kuogelea, sawa. Kwa mwenye watoto wadogo, mimi ningemshauri mashariki, maji yakiwa nusu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kucheza mbele ya Jambiani katika maji yanayomfika magotini, vuguvugu kama ya kuogea, hatua nyingi kutoka ufukweni, na wewe unamwona. Kendwa hatua chache zinatosha kumzamisha kifua. Pongwe, iliyo kama kijighuba, hubakiwa na maji zaidi kuliko jirani zake. Michamvi Kae nayo ina lake: ingawa iko kwenye rasi ya mashariki, inatazama magharibi juu ya ghuba ya Chwaka, na jua linazama baharini mbele yako. Ng'ambo ya pili, Michamvi Pingwe, kuna mkahawa uliojengwa juu ya jiwe la matumbawe. Maji yakiwa yamepwa wateja huenda kwa miguu, na wakimaliza kula huenda wakarudishwa kwa mashua.

Mkazi wa mjini mwenye nusu siku tu hana haja ya kwenda mbali. Bububu, kama kilomita 10 kutoka mjini, kuna ufukwe wa Fuji. Mangapwani iko mbele zaidi upande huo huo. Kusini kuna Fumba na Kizimkazi. Mbele ya Mji Mkongwe wenyewe, pale Forodhani ambapo vijana huruka kutoka ukutani kwa sarakasi, ni pazuri kutazama na kula, lakini kuogelea sikushauri: maji machafu ya mji huishia baharini humo humo.

Upepo na msimu

Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na hupiga pande za mashariki na kusini. Paje wakati huo hujaa wachezaji wa kaiti, tiara zao zimetanda angani, na anayetaka tu kujilaza asome kitabu atakula mchanga. Kusi pia huleta mwani na majani ya bahari kwa wingi ufukweni. Mgeni hulalamika kuwa ni uchafu. Ni bahari inajisafisha, na majani hayo husaidia kushika mchanga usichukuliwe na maji. Kendwa na Nungwi magharibi hupata kinga wakati wa kusi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, ni joto kali na maji maangavu, ingawa upepo wake nao huigusa ncha ya kaskazini na mashariki. Wenye kaiti hurudi tena. Masika ya Machi hadi Mei hoteli nyingine hufunga, bei hushuka, na mvua inaweza kunyesha siku tatu mfululizo. Juni na Septemba hadi Oktoba, kwa maoni yangu, ndiyo miezi yenye nafuu zaidi kwa mfuko na kwa ngozi.

Tukiwa kwenye ngozi: Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na mchanga wake, uliotokana na matumbawe, magamba na hata kinyesi cha samaki aina ya pono wanaotafuna mwamba, ni mweupe kiasi cha kurudisha mwanga usoni. Uzuri wake ni kwamba hauunguzi miguu mchana. Ubaya wake ni kwamba unaungua hata ukiwa kivulini. Watu weusi nao huungua. Ukitoka kuogelea saa tano hadi saa tisa bila fulana, utajua usiku.

Choo, kivuli na maji baridi

Anayetoka nchi zenye fukwe za manispaa atarajie tofauti. Kwenye fukwe nyingi za Unguja hakuna choo cha umma, hakuna vyumba vya kubadilishia nguo, hakuna bomba la kujisuuza chumvi, wala mwokoaji aliyekaa kwenye mnara na filimbi. Huduma hizo zipo, ila ni za hoteli na mikahawa. Hivyo swali la msingi kwa mtu wa kwenda na kurudi ni hili: nitakuwa mgeni wa nani leo?

Njia ya kawaida ni kuchagua mkahawa mmoja wa ufukweni, kuagiza kitu, na kukaa. Soda mbili na sahani ya chipsi kwa familia nzima zitakununulia kivuli cha makuti, kiti, choo, na mtu wa kukutazamia mfuko wakati uko majini. Hoteli kubwa, hasa za Kiwengwa na Nungwi, huwa na kiingilio cha siku kinachokuruhusu kutumia bwawa, taulo na vitanda vya kulalia. Baadhi yao hukikata kwenye bili ya chakula, nyingine hazikikati. Uliza hilo kabla ya kutoa pesa, uliza kama watoto wanalipa, na uliza mwisho ni saa ngapi. Hoteli ambazo wageni hulipia kila kitu kwa pamoja mara nyingi hazipokei mtu wa kutoka nje hata kwa chai.

Mchanga wenyewe, hata hivyo, watu wanapita. Mvuvi, muuza dafu, mama anayerudi na mwani kichwani, mtalii, wote hupita mbele ya hoteli na hakuna anayewaomba tiketi. Mlinzi akikwambia usikae kwenye kitanda cha hoteli ana haki. Akikuzuia kupita chini ya alama ya maji yalipofika, muulize kwa upole anatumia amri gani.

Maji ya bomba upande wa mashariki mara nyingi yana chumvi kidogo, kwa kuwa visima viko karibu na bahari. Yanatosha kuogea, hayafai kunywa. Beba maji ya kunywa kutoka mjini au nunua dukani kijijini, bei ni ndogo kuliko hotelini. Usibebe kwenye mfuko wa plastiki: Zanzibar iliupiga marufuku tangu 2006, miaka 13 kabla ya bara, na bandarini watakunyang'anya. Mkeka, khanga mbili, maji, kofia na kikapu cha ukindu vinamaliza kazi. Khanga moja ni chumba chako cha kubadilishia nguo.

Pesa taslimu ziwe nazo. Mashine za kutolea fedha zipo mjini kwa wingi na nje ya mji ni za kuhesabu. Pesa za simu zinapokewa karibu kila mahali, mtandao ukiwepo.

Anayetembea kwa kiti cha magurudumu ana kazi, maana mchanga mkavu haupitiki na ngazi ni nyingi. Kitu kimoja kinasaidia: kati ya Paje na Jambiani maji yakipwa huacha mchanga mgumu ambao baiskeli hupita bila kuzama, na kiti chenye matairi mapana kinaweza kwenda. Piga simu hotelini uulize ngazi ni ngapi kutoka chumbani hadi mchangani. Usiulize kama "panafikika", maana jibu la swali hilo huwa ndiyo kila mahali.

Bahari ikikugeukia

Hatari kubwa ya mashariki haimo kwenye mawimbi. Imo katika matembezi. Maji yamepwa, mwamba unaonekana karibu, unaenda ukipiga picha, unafika kule nje baada ya nusu saa au zaidi. Bahari inapoanza kurudi haiji kwa mstari kutoka mbele yako. Inaingia kwanza kwenye mikondo ya chini iliyo kati yako na ufukwe, ile uliyoivuka maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu. Ukija kugeuka, kifundo kimekuwa kiuno, na mkondo unavuta. Wanawake wanaochokoa pweza huko huko mwambani huanza kurudi kabla maji hayajaonekana kusogea. Ukiwaona wanajifunga khanga na kuinua vyombo vyao, rudi nao.

Sehemu ya pili ya kuogopa ni mlango, ule uwazi katika mwamba ambao mashua hupitia. Maji yanapopwa, yote yaliyokuwa ndani ya mwamba hutafuta kutoka kwa uwazi huo, na humo hata mwogeleaji mzuri hashindani. Ukichukuliwa, usipigane na mkondo uso kwa uso. Elea, inua mkono, piga kelele, ogelea kwa upande mpaka utoke kwenye mvuto, ndipo urudi. Vijana wa bara waliojifunza kuogelea kwenye bwawa ndio wa kuambiwa hili mara mbili.

Chini kuna wenyeji wengine. Wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu hukaa kwenye vidimbwi na nyasi za bahari, na miiba yao hukatikia mguuni. Taa hujifukia mchangani. Ukitembea majini buruza nyayo, usizinyanyue, naye atasikia na kuondoka. Kombe na konokono wenye umbo la pia wanapendeza lakini baadhi wana sumu ya kuua, kwa hiyo kitu hai usikiokote. Vaa raba au viatu vya mpira vyenye kufunga. Kandambili zitabaki kwenye tope. Ukichomwa na taa au samaki wa miiba, loweka mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maana joto hupunguza nguvu ya sumu, kisha nenda kituo cha afya. Ukiguswa na yavuyavu usisugue, usimwagie maji ya bomba. Suuza kwa maji ya bahari, na siki ikipatikana mwagia. Kwa miiba ile myeusi wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Usiichimbe kwa sindano pale pale ufukweni.

Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mjini. Kaskazini kuna Kivunge na kusini kuna Makunduchi. Namba ya dharura ni 112. Baharini, kikosi cha KMKM ndicho hufanya uokoaji, lakini kutoka kilipo mpaka ulipo ni muda; anayekuokoa kwanza ni mvuvi aliye karibu.

Ndiyo maana siku za watu wengi zinahitaji macho zaidi. Wiki za mwisho za Shaabani Wazanzibari huvunja jungu: familia, madarasa, vikundi vya mtaa hukodi gari, hubeba masufuria ya pilau na spika, na kushinda ufukweni kabla ya mfungo. Sikukuu za Idi ni hivyo hivyo. Ni siku tamu kuliko zote za kuwa ufukweni, na ni siku ambazo watoto arobaini wako majini na kila mzazi anadhani mwenzake anatazama. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo kwa zamu, asiwe na simu mkononi.

Mashua

Karibu kila ufukwe utapata wa kukuuzia safari: Mnemba kutoka Matemwe, Muyuni au Nungwi, Changuu na fungu la mchanga la Nakupenda kutoka mjini, pomboo kutoka Kizimkazi. Nakupenda huonekana maji yakipwa na hufunikwa yakijaa, hivyo safari yake inategemea hesabu ile ile ya mwezi. Kisiwa cha Mnemba chenyewe ni cha hoteli binafsi, hushuki. Unachokwenda kuona ni matumbawe yanayokizunguka, ambayo yamo katika eneo la hifadhi lililotangazwa 2002. Ghuba ya Menai, upande wa Kizimkazi na Fumba, ni hifadhi tangu 1997. Maeneo haya yana ada, na ada ina risiti. Ukiambiwa "imo ndani ya bei", omba uione.

Wauzaji wa mitaani, papasi, si watu wa kukimbia wala wa kufuata. Anayeongoza watalii kihalali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Kwa mashua, kagua mwenyewe kabla ya kupanda: jaketi okozi ziko ngapi, zinamtosha mtoto, kuna injini ya akiba au tanga, nahodha ana simu yenye chaji? Lipa nusu, malizia ukirudi. Kuhusu pomboo, mkataze nahodha asiwafukuze. Boti sita zikizunguka kundi moja, pomboo huzama na kuondoka, na umelipia kutazama migongo ya watalii wenzako. Viti vya pweza vile vyekundu vinavyopigwa picha Pingwe viacheni majini. Kuvinyanyua juu kwa ajili ya picha kunaviua taratibu.

Unapita kwenye kazi ya watu

Maji yakipwa Jambiani au Paje, utaona safu za vijiti vilivyochomekwa mchangani, kamba zimevutwa kati yake, na mafungu ya mwani yaliyofungwa kila baada ya kiganja kimoja au viwili. Ni mashamba. Kilimo hiki kilianza mwambao huu 1989 na wengi wanaokifanya ni wanawake, wameinama ndani ya maji kwa saa tatu au nne mpaka bahari iwarudishe. Usipite juu ya kamba, usisogeze kijiti, na usipige picha kabla ya kusalimia. "Habari za kazi, mama?" inafungua mlango. Ukijibiwa na ukaonyeshwa jinsi wanavyofunga, nunua sabuni ya mwani kijijini, faida ifike karibu na shamba.

Nguo za kuogelea ni za mchangani. Ukivuka mstari wa minazi kuingia kijijini kununua maji, funika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Mwezi wa Ramadhani hoteli za watalii huendelea kupika, migahawa ya vijijini hufunga mchana, na kula barabarani ni kukosa adabu hata kama dini yako ni nyingine. Nenda mwezi huo ukipenda, futari itakulipa.

Kufika na kurudi

Daladala za shamba ni nafuu na hufika karibu kila ufukwe. Namba 116 ni ya Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu kupitia Paje, na 326 Kizimkazi. Kwa miaka mingi zilianzia Darajani; siku hizi anza kuulizia Kijangwani. Nungwi ni kama kilomita 60, Paje kama 50, na daladala husimama kila mwenye mzigo anapopunga mkono, kwa hiyo jipe saa moja na nusu hadi mbili. La muhimu si la kwenda, ni la kurudi: ukishuka tu, muulize kondakta gari ya mwisho kuondoka ni saa ngapi. Huwa mapema kuliko unavyodhani, na teksi ya usiku kutoka Jambiani itakugharimu kuliko chumba.

Mgeni kutoka nje ya Tanzania ajue kuwa tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, hukatwa mtandaoni kabla ya kufika. Mtanzania hahusiki, ila abebe kitambulisho, bila hicho tiketi ya boti itampa shida.

Anayefikiria Pemba badala ya Unguja, Vumawimbi, iliyo nyuma ya msitu wa Ngezi, ni ufukwe mpana kuliko nyingi nilizozitaja na hauna karibu chochote: si mkahawa, si kivuli cha kukodi. Chakula, maji na gari la kukurudisha vyote upange Wete au Konde kabla ya kuondoka.

Boti ya kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huchukua kama saa mbili. Wakati wa kusi safari ya kurudi Dar ndiyo yenye msukosuko, kwa sababu chombo kinakwenda kikikabili upepo. Chukua ya asubuhi, kaa ukumbi wa chini upande wa nyuma, kula kidogo, na dawa ya kichefuchefu imeze nusu saa kabla ya kamba kufunguliwa.